Tenkaichi 3: wahusika 161, ngumi zile zile. Nimechoka kudanganywa

Wakuu, sina salamu ndefu leo. Kuna jamaa kaandika huko kwenye uzi mwingine kwamba Dragon Ball Z: Budokai Tenkaichi 3, lile gemu la kupigana la katuni ya Kijapani, halina kasoro hata moja. Watu wakampigia makofi. Dogo mmoja akathubutu kuuliza mbona stori yake imekatwakatwa, akaoshwa mpaka akafuta alichoandika. Hapo ndipo damu ilinichemka. Hilo gemu nimelicheza tangu enzi za banda la mtaani na PS2 iliyofunguliwa mfuniko, na mpaka leo ninalo kwenye kompyuta. Nalipenda. Ila sifa mnazolimwagia siyo zake, na sifa zake za kweli hamzitaji.

Tuanze na hiyo 161 mnayotembea nayo kama cheti cha form four. Ukitoa mageuzi, yaani Goku wa kawaida, Goku Super Saiyan, wa pili, wa tatu na kuendelea, wanabaki watu 98. Bado ni wengi, na mwaka 2007 hiyo ilikuwa kufuru. Mpaka Arale wa katuni nyingine, Dr. Slump, yumo, mpaka watu wa pembeni kama Nam na General Blue. Sasa shika pedi. Kitufe cha mraba, mraba, mraba, pembetatu, mtu karushwa, unamfuata. Chukua Krillin, hivyo. Chukua Frieza, hivyo hivyo. Chukua Nappa, hakuna jipya. Kinachobadilika ni sura, kasi kidogo, na rangi ya mwale wa nguvu anaorusha ukishika vitufe vya L2 na pembetatu. Ukimzoea mmoja umewazoea karibu wote. Kwa mtoto anayeanza ni raha, sawa, ndani ya nusu saa anakufunga. Lakini mtu asije kuniambia hapo kuna mitindo 161 ya kupigana.

Waliojitofautisha kweli wanahesabika. Mr. Satan, kwa mfano. Hana mwale wa maana, angani haendi, lakini ana ile zawadi yake: anakukabidhi boksi, unapokea kama mjinga, linakulipukia mkononi. Huyo katengenezwa na mtu aliyekaa akafikiri. Na yale majitu, Great Ape (yule nyani mkubwa) na wenzake, ngumi za kawaida hayazisikii kabisa, unapiga huku lenyewe linakutazama tu. Uwanja ukiwa wa usiku na mwezi uko juu, Vegeta wa mwanzo anageuka nyani huyo bila kutengeneza mwezi wake wa bandia. Vitu vya namna hiyo nilitaka viwe hamsini. Tukapewa vichache, halafu tukajaziwa Goku wa kila umri.

Sasa ubora wake wenyewe, ambao washabiki hamuusemi. Ni kule kupotea. Mwenzako anakurushia pigo zito, unabonyeza duara pale pale ngumi inapofika, unapotea, unatokea mgongoni kwake na kumrudishia. Naye anabonyeza duara, kapotea, yuko nyuma yako. Mnaendelea hivyo angani, hata hamuonekani vizuri, ni ule mlio tu, na banda zima limenyamaza linasubiri nani atachelewa. Hapo hakuna cha Krillin mnyonge wala Gogeta mwenye nguvu, ni macho na dole gumba. Nimeona mtu na Yamcha wake dhaifu anamtoa jasho mwenye Broly wa kutisha kwa kitu hicho kimoja. Na miale ikikutana katikati mnazungusha analogi, vile vijiti vya pedi, kama vichaa. Pedi za banda letu zote analogi zilikuwa zimelegea, mhusika anatembea mwenyewe, mwenye banda analia hasara, na sisi tulikuwa tunalipa tena na tena kwa ajili ya dakika zile.

Na kioo kugawanywa mara mbili. Mashine yenye RAM ya MB 32, watu wawili, kila mtu na kamera yake, kwenye sayari ya Namek nzima yenye maji na milima, na milima inavunjika. Hilo ni jambo la kuvua kofia. Kero yake mnaijua: kujificha nyuma ya mlima hakuna maana, maana jirani yako anachungulia upande wako wa kioo. Tulikuwa tunapigana viwiko vya kweli kwa sababu hiyo. Na ukibanwa kwenye mwamba kamera inachanganyikiwa, unaona jiwe tu huku unapigwa. Haya madogo nayasamehe.

Nisichosamehe ni stori. Tenkaichi 2, toleo la kabla yake, ilikupa Dragon Adventure, unaruka juu ya ramani, unatafuta mipira ya joka (Dragon Balls), unakuta pambano usilolitarajia. Tenkaichi 3 wakaja na Dragon History: pambano, maneno machache huku mnapigana, bonyeza kitufe cha R3 tukio litokee, ruka kipande kizima cha hadithi, pambano lingine. Sakata la mwisho, la Buu, linakwisha kabla chai haijapoa. Dogo aliuliza swali la haki kabisa na mkamzomea. Nafasi iliyotolewa kwenye stori ilikwenda wapi kama siyo kwenye hiyo 161 yenu?

Uwiano wa nguvu nao ni hivyo hivyo. Kila banda lilikuwa na katiba yake: hakuna Gogeta wa Super Saiyan 4, hakuna Broly, ukimchagua unapisha kiti. Ajabu ni kwamba dawa ilikuwa ndani ya gemu lenyewe! Kuna DP Battle, kila mhusika ana bei yake ya pointi, timu ina kikomo, kwa hiyo ukimtaka mkubwa unabaki na vidagaa. Wazo safi sana. Ila timu nzima inachukua muda, na bandani foleni iko nyuma yako na hela inahesabiwa kwa mechi, basi hakuna aliyeligusa. Hilo siwalaumu Spike waliolitengeneza, hilo ni letu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hizi sifa za uongo zina madhara. Baada ya hapo tuliletewa Raging Blast, halafu mwaka 2011 ikaja Ultimate Tenkaichi, ambayo nusu ya pambano ni kubahatisha mwenzako kabonyeza kitufe gani kati ya viwili. Tukaikimbia, tukarudi kwenye Tenkaichi 3, na kila tukiulizwa tunataka nini jibu letu likawa moja: wahusika wengi! Wametusikia. Oktoba 2024 ikatoka Sparking! Zero, gemu jipya la mfululizo huo, yenye wahusika 182, picha kali mpaka unapata kizunguzungu. Mkikaa wawili kwenye kochi moja mkagawana kioo? Ilipotoka mlipewa uwanja mmoja tu, Hyperbolic Time Chamber, peupe, patupu, hakuna mlima, hakuna maji. Kile PS2 ilikiweza miaka 17 nyuma, mashine ya kisasa ikashindwa. Nani aliwaambia kwamba kukaa wawili ndilo jambo kubwa? Hakuna, tulikuwa tunahesabu vichwa.

Kwa wenzetu wa mashine ya Wii toleo lao lilikuwa na kucheza mtandaoni, sisi wa PS2 hatukuwa na habari hiyo. Kwa hiyo gemu letu lilikuwa ni mtu na mtu, bega kwa bega, basi.

Mnaowauzia watoto Tenkaichi 4 mkisema ni toleo jipya la kampuni, hiyo kazi ni ya mashabiki waliochokonoa ile ile ya 3 wakaongeza watu. Kazi yao nzuri, naiheshimu, ila semeni ukweli mnapopokea hela ya mtu. Na wale wa simu wenye gemu la Tag Team la PSP lililobandikwa sura mpya, vivyo hivyo.

Anayebisha nampa kazi. Ataje wahusika kumi ambao mraba wao unapigana tofauti na wa Goku, siyo mwale, siyo majitu, mraba. Akiwataja nitaomba mods waufute uzi huu. Na aliyemzomea yule dogo arudi kule akamjibu swali lake.