Naomba ushauri: rili ya kukaa juu kwenye fimbo ya rili ya kuning'inia

Ndugu wavuvi wenzangu, naomba ushauri wenu kabla sijatumia fedha. Huwa natoka Igombe, kwenye Ziwa Victoria, kwa mtumbwi kutafuta sangara, nikishusha jigi, yaani chambo cha chuma, hadi chini na kukipandisha kwa mikupuo mifupi. Rili yangu (kifaa cha kukunjia mshipi) ni ya kuning'inia chini ya fimbo, nayo inanichosha, kwa kuwa kila ninapovuta kitu kizito nguvu hupotea pale mshipi unapokata kona kuingia kwenye rili.

Sasa nimepata rili ndogo ya ngoma, ile inayokaa juu ya fimbo na kuvuta mshipi moja kwa moja, lakini fimbo yangu ya mita 1.8 haikutengenezewa rili hiyo. Pete zake za kupitishia mshipi ni chache, na ya kwanza ni pana kama mdomo wa kikombe cha kahawa. Nilipoijaribu kwa kuinua tofali, mshipi uligusa mwili wa fimbo kati ya pete mbili, na fimbo yenyewe ikataka kujipindua mkononi.

Fundi mmoja amenishauri tuzifunge pete upya kwa mzunguko, kuanzia juu karibu na rili, zipite ubavuni, hadi zile za mbele zikae chini, ili mzigo usiipindue tena fimbo. Je, yupo aliyewahi kufanya hivyo? Zinatosha pete ngapi, na za ubavuni zipitie upande upi kwa mtu anayezungusha rili kwa mkono wa kushoto? Au ninunue tu fimbo nyingine (bei yake naijua, ndiyo maana nauliza)?