Mrejesho: nakala za faili nyumbani

Wadau, nimerudi. Mwezi uliopita niliuliza namna ya kuhifadhi faili za kompyuta ya nyumbani, ili virusi vinavyofunga faili na kudai fidia visiniache mikono mitupu. Asanteni sana, nimefanya.

Nilinunua diski mbili za nje, terabaiti 1 kila moja, pale Luthuli Avenue. Jumamosi jioni nachomeka moja, nanakili, naichomoa. Wiki inayofuata ni zamu ya pili, na ile iliyopumzika inakaa kwa dada yangu Buruburu. Aliyenisisitizia kuchomoa ndiye aliyenifaa zaidi. Mimi diski ningeiacha imechomekwa usiku na mchana, kumbe virusi hivyo hufunga chochote ambacho kompyuta inaweza kukiandikia, hata nakala yenyewe!

Jana nilijaribu kurejesha kwenye kompyuta ya dada. Picha za marehemu mama zilifunguka zote, moja baada ya nyingine, tukakaa tukiziangalia. Faili ya hesabu za chama ndiyo iliyogoma. Niliinakili ikiwa bado imefunguliwa. Nimeifunga na kuinakili upya, sasa inafunguka.