Msaada wakuu: PS kwenye E. coli inaenda wapi?

dogo_wa_bayokemia:
Wakuu habari za muda huu. Notsi zetu zinasema utando wa bakteria E. coli una PE (fosfatidiletanolamini) kama 75%, PG (fosfatidilgliseroli) kama 20%, kadiolipini ndo inamalizia, zote ni fosfolipidi, yaani mafuta yenye fosfati yanayojenga utando. Sawa. Sasa ukifungua mchoro wa jinsi fosfolipidi zinavyotengenezwa unaambiwa PE inatokana na PS, yaani fosfatidilserini, mbona hiyo PS kwenye asilimia haipo kabisa?? Au mchoro umekosewa?

Fundi Maabara:
Haujakosewa dogo, PS inatengenezwa ila haikai. Fuata hivi, gliseroli-3-fosfati inawekewa asidi ya mafuta ya kwanza na kimeng'enya PlsB, ya pili na kimeng'enya PlsC, inakuwa asidi ya fosfatidi, halafu kimeng'enya CdsA anachukua CTP (nyukleotidi, ndugu ya ATP) unapata CDP-diasilgliseroli, na hapo ndo njia panda. Upande mmoja kimeng'enya PssA anaweka serini (asidi amino), hiyo ndo PS yako, na papo hapo kimeng'enya kingine Psd kinaitoa kabonidioksaidi inabaki PE. Psd ana spidi kuliko anayemletea kazi, ndo maana hairundikani. Upande wa pili ni kimeng'enya PgsA, huko unapata PG, na PG mbili zikiunganishwa ni kadiolipini.

dogo_wa_bayokemia:
Asante mkuu, ila walijuaje kama haionekani?

Fundi Maabara:
Kuna mutanti (bakteria wenye jeni iliyobadilika) ambao Psd yao inagoma kwenye joto. Wapeleke nyuzi 42, toa lipidi, zipandishe kwenye plati ya silika upulizie ninihidrini (kemikali inayotoa rangi ikikuta kikundi cha amino, ambacho PE na PS wanacho). Bakteria wa kawaida wanatoa doa moja la zambarau, la PE. Hawa wanatoa na la PS, tena kubwa tu.

Mama Petri:
Naongezea jamani, walimu wetu wanafundisha E. coli kama vile ndo bakteria wote. Staphylococcus aureus hana PE kabisa! Ana PG, kadiolipini, na PG iliyobandikwa laisini (asidi amino) na kimeng'enya MprF, hiyo ina chaji chanya inasukuma mbali antibiotiki kama daptomaisini, na MprF ikipata mutesheni za kuizidishia nguvu dawa inaanza kushindwa. Hata mwanzo wao tofauti, hawana PlsB, wanatumia PlsX na PlsY.

dogo_wa_bayokemia:
Duh. Kwahiyo CDP-diasilgliseroli nayo haionekani kwa sababu hiyohiyo?

Fundi Maabara:
Hiyohiyo. CdsA akilegea, kinachojaa ni asidi ya fosfatidi.