Naomba ushauri: mafuta kwa ng'ombe aliyezaa karibuni

Habari zenu wafugaji. Nina Friesian wa uzao wa tatu, ana siku 16 tangu azae. Anatoa lita 24 lakini anakonda haraka: alama ya unene (kipimo cha 1 hadi 5) imeshuka kutoka 3.25 hadi 2.75. Anakula silaji ya mahindi (mahindi mabichi yaliyovundikwa), hei (majani makavu), na kilo 7 za chakula cha kukamulia. Ketoni kwenye damu (huongezeka ng'ombe akiyeyusha mafuta ya mwili wake kupita kiasi) jana zilisoma 0.9 mmol/L, kwa hiyo bado hajafika pabaya.

Nilimwanzishia mafuta ya unga yaliyokingwa yasivuruge tumbo (chumvi za kalsiamu za mawese) gramu 300 kwa mkupuo mmoja asubuhi. Siku ya pili akaacha nusu ya chakula. Nadhani ni ule ukakasi wa mafuta hayo. Nimeshusha hadi 100, nikichanganya na molasi juu ya silaji, na hamu imerudi kiasi. Mafuta ya kawaida ya maji siyagusi, yanavuruga vijidudu vya tumboni na nyuzi hazimeng'enywi vizuri.

Sasa, nipandishe gramu 50 kila baada ya siku ngapi? Na mwenzake anayetarajia kuzaa wiki 2 zijazo, nimzoeshe ladha mapema kwa kiasi kidogo, au nitampunguzia ulaji wakati ambao tayari unashuka wenyewe?