Dawa za presha na sukari: kuna faida gani kununua famasi moja?

Mgeni_wa_Kimara:
Habari za humu wakuu. Mama ana miaka 64, ana presha na sukari. Anatumia losartan 50 mg, amlodipine 10 mg na metformin 500 mg kutwa mara mbili. Kliniki ya juzi wameongeza kidonge cha kutoa maji kwa sababu miguu inavimba. Magoti yakimsumbua ananunua diclofenac dukani. Dawa tunachukua popote penye nafuu, leo Kimara, kesho Kariakoo. Kuna mtu kashauri tuchague famasi moja na tuzoeane na mfamasia. Ukiacha kupunguziwa bei, tunapata nini?

Mfamasia_Zamu:
Mkuu, mnapata mtu mmoja anayeziona dawa zote kwa pamoja. Daktari wa presha anaona cheti chake, wa magoti anaona chake, na hiyo diclofenac ya dukani haimo kwenye cheti cha mtu yeyote. Mimi ningeanzia hapo. Diclofenac, na hata ibuprofen, hufanya mwili ushike chumvi na maji. Presha inapanda, mkifika kliniki mnaongezewa dozi, na chanzo kiko kwenye mkoba wa mama.

Hatari zaidi ni mchanganyiko wa losartan, kidonge cha maji na diclofenac. Vitatu hivyo kwa pamoja hupunguza nguvu ya damu inayochujwa kwenye figo. Siku akiharisha au kutapika, au asipokunywa maji ya kutosha, figo zinaweza kufeli ndani ya siku chache. Kwa magoti mfamasia anayemjua ataanza na paracetamol: vidonge 2 vya 500 mg, visizidi 8 kwa saa 24, na atauliza kama anatumia dawa ya mafua, maana nyingi zina paracetamol humo humo.

Sasa hiyo miguu. Amlodipine yenyewe huvimbisha miguu, hasa ikifika 10 mg. Uvimbe wa aina hiyo hautokani na maji kujaa mwilini, ndiyo maana kidonge cha maji mara nyingi hakiusaidii kitu. Msiache dawa wala kupunguza wenyewe. Mwambieni mfamasia aandike karatasi fupi kwa daktari: dozi ilipanda lini kutoka 5 mg, uvimbe ulianza lini, dawa gani nyingine anatumia. Daktari atapima moyo na figo kwanza, kisha aamue kama ni kupunguza au kubadilisha.

Fundi_Dawa_Sanifu:
Naongezea la majina, kwa sababu kuhama famasi ndiko kunakoleta balaa hili. Amlodipine ina majina ya kibiashara mengi. Boksi la Kimara jeupe, la Kariakoo la bluu, mgonjwa anadhani ni dawa mbili na anameza zote. Au anaandikiwa kidonge kimoja chenye losartan na hydrochlorothiazide (dawa ya kutoa maji), nyumbani anaendelea na losartan ya zamani pembeni. Mkifika famasi bebeni mfuko wa dawa zote kama ulivyo, na maboksi yake, pamoja na mitishamba na zile poda za maumivu. Poda nyingine huchanganywa dawa za steroidi, dexamethasone au prednisolone, kimyakimya. Zinatuliza kweli, lakini sukari inapaa.

Mkikatiwa vidonge vichache kutoka kwenye pakiti, hakikisheni kipande mnachopewa kina jina, nguvu na tarehe ya mwisho wa matumizi. Visipokuwepo, viandikwe kwenye bahasha. Na "1x2" kwenye bahasha ni kidonge kimoja mara mbili kwa siku, siyo viwili kwa mpigo.

Mtaa_wa_Nane:
Yote sawa, ila aliye kaunta si lazima awe mfamasia. Duka la dawa muhimu lina mtoa dawa mwenye mafunzo mafupi na orodha fupi ya dawa za cheti anazoruhusiwa kutoa. Kwa mgonjwa mwenye dawa nne hapatoshi. Tafuteni famasi, muulizeni moja kwa moja: "Mfamasia anapatikana saa ngapi?" Wakianza kujiumauma, tafuteni kwingine. Msiende jioni watu wanaporudi kazini; saa nne au tano asubuhi mtapata nafasi ya kuongea. Ishara nzuri ni mfamasia anayewakatalia kuuza kitu na kuwaeleza sababu. Anayekubali kila mnachotaka ni muuzaji tu.

Na msisubiri dawa ziishe. Pigeni simu zikibaki za wiki moja ili aagize jumla, mpate boksi lile lile mlilozoea.

Mgeni_wa_Kimara:
Shukrani wakuu. Na Ramadhani je? Mama anafunga.

Mfamasia_Zamu:
Muoneni daktari mwezi mmoja au zaidi kabla, si siku mwezi unapoandama. Metformin ikiwa peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi. Kwa dozi yake, kwa kawaida moja huhamia futari na moja daku, baada ya kula. Kidonge cha maji ndicho chenye shida, kwa sababu ya kiu ya mchana na hizo figo. Daktari anaweza kupunguza, kuhamishia futari au kusimamisha. Glibenclamide, dawa nyingine ya sukari, ingekuwa habari nyingine kabisa, hiyo hushusha sukari na kuangusha watu alasiri.

Nunueni kipimo cha sukari na mfamasia awaonyeshe kukitumia: mikono ioshwe na kukaushwa, tone litolewe pembeni mwa ncha ya kidole. Wanazuoni wengi hawaoni kwamba kujitoboa huko kunafunguza. Ikisoma chini ya 3.9 au juu ya 16.6 mmol/L afungue hapo hapo, hata kama adhana imebaki dakika kumi.