Laini ya tapeli imesajiliwa kwa kidole cha nani? Mama mdogo kalizwa laki nne na themanini, kampuni na polisi wanatupiga danadana

Habari za wakati huu wakuu.

Mods, naomba huu uzi msiuunganishe na zile za "tuma kwa namba hii". Ninachodai hapa ni kingine.

Kila mtu akilizwa kwenye simu, neno la kwanza tunalomtupia ni tamaa. "Alitaka vya bure." "Angejiuliza." Hata matangazo ya redioni yanamkaripia aliyeibiwa: kuwa makini, usitoe namba yako ya siri. Sasa mimi nataka kuwaambia habari za mtu ambaye hakuwa na tamaa ya chochote na namba yake ya siri hakumtajia mtu, na bado hela yote ya mtaji imeondoka.

Mama mdogo wangu anauza mchele sokoni Kahama. Kapigiwa simu mchana, akiwa na wateja, na kijana mwenye sauti ya upole kabisa. Kamwita kwa majina yake yote matatu. Kamwambia anapiga kutoka huduma kwa wateja, kwamba laini yake haijahakikiwa na inafungwa jioni hiyo na hela zote zilizomo. Halafu, sikilizeni vizuri hapa, huyo kijana ndiye aliyemwonya: "Mama, namba yako ya siri usinitajie. Hata mimi siruhusiwi kuijua." Mama mdogo anasema hapo ndipo alipotulia, maana ndivyo anavyosikia redioni kila siku.

Akamwambia weka simu kwenye spika, fungua menyu ya pesa, bonyeza moja. Ingiza namba ya ofisi ya uhakiki, akamsomea. Sasa ingiza namba ya fomu yako: nne, nane, sifuri, sifuri, sifuri, sifuri. Sasa thibitisha kwa namba yako ya siri, usinitajie. Mama mdogo akathibitisha. "Namba ya fomu" ilikuwa kiasi cha hela, na "ofisi ya uhakiki" ilikuwa laini ya tapeli. Laki nne na themanini elfu.

Mniambie tamaa iko wapi hapo.

Watu wananiuliza majina matatu aliyapata wapi, lazima kuna mtu wa ndani. Inawezekana, lakini wala haihitajiki. Chukua namba yoyote, anza kuitumia hela, kabla hujamaliza jina la mwenye laini linakuja kwenye kioo. Tapeli anafanya hivyo, anasoma jina, anaghairi, kisha anakupigia. Kwa hiyo mtu akikutaja kwa jina lako kamili, hilo halithibitishi chochote. Wafundisheni wazazi hili kabla ya jingine lolote, maana wengi wanalegea pale pale kwenye jina.

Sasa hasira yangu iko hapa.

Mei 2019 tulianza kupanga foleni nchi nzima kusajili laini kwa alama za vidole na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Watu walilala kwenye ofisi za NIDA. Wazee walirudishwa kwa sababu vidole vimesuguliwa na jembe havisomeki. Januari 2020 laini za ambao hawakuwahi zikazimwa. Tulivumilia kwa sababu tuliambiwa kila laini itakuwa na mwenyewe na wahalifu watajulikana. Leo laini iliyomliza mama mdogo ina jina, ina namba ya NIDA, ina alama ya kidole. Kila kitu tulichoahidiwa kipo. Kwa nini hakuna aliyekamatwa?

Jibu wengi mnalijua. Jina lililokuja kwenye meseji ya muamala ni la mwanamke, aliyepiga ni mwanaume. Hiyo laini imesajiliwa kwa kidole cha mtu mwingine ambaye yupo kijijini kwake hajui lolote. Amekwenda kwa wakala wa usajili, wale wa mwamvuli barabarani, akabonyeza kidole, akaambiwa "haijasoma, rudia". Karudia. Mara ya kwanza ilisoma vizuri tu, ikasajili laini nyingine ambayo wakala kaiweka mfukoni. Laini hiyo inauzwa ikiwa tayari imesajiliwa, na mnunuzi wake anajulikana ni wa aina gani. Ndiyo maana zile meseji zinaandika "ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja la fulani". Mtu anayedai hela yake halali kwa nini alazimike kukutahadharisha kwamba jina litakuja la mtu mwingine? Hapo anakiri mwenyewe kwamba laini si yake.

Na wakala aliyesajili hawezi kupotea. Hasajili kwa mdomo, anasajili kwa akaunti yake aliyopewa na kampuni. Kampuni ikitaka kujua nani alisajili laini hiyo, siku gani na akiwa chini ya msambazaji yupi, inafungua mfumo wake na kuona. Basi nani anaufungua?

Sisi tulipokwenda kwenye duka la kampuni (siitaji) tukaambiwa hela imeshatolewa, leteni RB, yaani namba ya taarifa iliyofunguliwa polisi. Tukaenda polisi, tukapata RB, tukaambiwa mtuhumiwa inaonekana yuko mkoa mwingine, leteni taarifa za muamala kutoka kampuni. Tukarudi, kampuni ikasema taarifa za mteja mwingine hawatoi mpaka barua ya polisi. Sawa, nakubali, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo na taarifa za mtu si za kumwaga kaunta. Lakini kwa nini mama muuza mchele ndiye awe tarishi kati ya kampuni na polisi? Hizo ni ofisi mbili zenye simu na barua pepe. Kila safari anafunga genge, na mchele hauuziki ukiwa umefungiwa.

TCRA yenyewe, mamlaka inayosimamia mawasiliano, kwenye ripoti zake za kila robo mwaka inaorodhesha majaribio ya ulaghai mkoa kwa mkoa, na Rukwa na Morogoro imekuwa ikitajwa juu kabisa. Sisemi watu wa huko ni wezi, wapo wakulima huko wanaolizwa kama sisi. Nasema kama mnajua mikoa, na laini zina vidole, na mawakala wana akaunti, basi kinachokosekana siyo taarifa.

Ninachotaka, na naomba kama kuna mtu wa mamlaka humu akisome: laini ikithibitika imetumika kutapeli, wakala aliyeisajili aitwe na ajieleze, na msambazaji wake pia. Kuifungia laini tu haitoshi, maana kesho anachomeka nyingine. Na mtu akishafungua RB, kampuni na polisi wamalizane wenyewe. Sheria ya Makosa ya Mtandao tunayo tangu 2015. Tumeiona ikitumika haraka sana kwa watu walioandika maneno mtandaoni. Itumike haraka hivyo hivyo kwa wanaoiba mitaji ya watu.

Wakati tunasubiri, haya ni ya kuwasomea wazazi. Siyapangi kwa umuhimu, naandika yanavyokuja.

Kampuni za simu za hapa nyumbani zinapompigia mteja zinatumia namba 100. Akipiga mtu kwa namba ya kawaida ya 06 au 07 na kusema ni huduma kwa wateja, kata simu. Usibishane naye wala usimsikilize amalize, maana kazi yake ni kukuweka kwenye simu usipate nafasi ya kufikiri wala kumuuliza mwanao. Kama una wasiwasi kwamba kweli laini ina tatizo, piga 100 wewe mwenyewe.

Usibonyeze namba yoyote unayosomewa na mtu kwenye simu, hata isiyohusu hela. Kuna wanaokwambia piga *21* kisha namba fulani kisha alama ya reli (#). Ukifanya hivyo simu zako zote zinahamia kwake, na namba za uthibitisho zinazosomwa kwa simu anazipokea yeye. Ukihisi umefanyiwa hivyo piga ##002# kufuta. Vilevile zile tarakimu sita za WhatsApp. Anakuomba "nimekosea nikatuma namba zangu kwako, nisomee", ukisoma tu akaunti imekwenda, na dakika chache baadaye ndugu zako wote wanaombwa hela kwa jina lako.

Meseji ya "umepokea Tsh 85,000" ikifuatiwa na simu ya mtu analia kwamba amekosea namba, usirudishe kitu. Kwanza tazama imetoka wapi. Meseji ya kweli inakuja kwa jina la huduma ya pesa, hii nyingine inakuja kutoka namba ya mtu wa kawaida. Pili, angalia salio kwenye menyu, usiamini meseji. Na hata kama hela imeingia kweli, mwambie apige kampuni yake irudishwe na wao.

Meseji za mganga, za kujiunga na chama cha utajiri na za bahati nasibu ambayo hukucheza sina muda nazo, futa. Ila ile ya "hela ya kodi ya nyumba tuma kwenye namba hii" ni hatari kuliko inavyoonekana. Inatumwa kwa maelfu ya watu bila jina, mwisho wa mwezi, na katikati ya maelfu hao lazima yupo ambaye kweli anadaiwa kodi na kweli alikuwa anasubiri namba. Huyo siyo mjinga. Mpigie mwenye nyumba kwa namba uliyoizoea, basi.

Wenye watoto bweni, hii inaniuma sana. Mzazi anapigiwa na "mwalimu", mtoto ameanguka, yuko hospitali, daktari anasubiri hela ndipo aanze. Nani atafikiri vizuri hapo? Chukua namba ya matroni au patroni na ya mwalimu wa darasa siku ya kufungua shule, ziandike kwenye daftari, siyo kwenye simu tu. Simu ya namna hiyo ikija unapiga hizo kwanza, hata anayekupigia akikufokea kwamba unamchelewesha mtoto. Atakufokea, maana anajua ukipiga shule amekwisha.

Ukishatapeliwa, piga kampuni muda huo huo. Wakiwahi kabla hela haijatolewa kwa wakala au kuhamishiwa laini nyingine, wanaweza kuizuia. Wengi wanachelewa kwa aibu, na aibu hiyo tumewapa sisi na neno letu la tamaa. Meseji ya tapeli itume kwenda 15040, utaulizwa namba iliyoituma, ijibu.

Na piga *106# uone namba ngapi zimesajiliwa kwa NIDA yako. Wikiendi hii chukua simu ya mama, ya baba, ya dada wa kazi, ya bibi, muwapigie. Mkikuta laini msiyoijua, nendeni na kitambulisho dukani kwa kampuni ikafutwe na mdai karatasi ya kuonyesha mmeikana. Mama mdogo tulipompigia tulikuta namba mbili asizozijua kabisa. Yaani yeye anayeibiwa, huenda jina lake nalo linamliza mtu mwingine huko Lindi au Kigoma sasa hivi.

Aliyewahi kufika mwisho wa hii njia, RB mpaka hela ikarudi au wakala akafikishwa mahakamani, naomba aeleze hapa alipitia ofisi gani na aliandika barua gani. Tunaihitaji.