Nilianza kukimbia Juni. Sasa nilenge lipi: kilomita 5 bila kutembea, 10, au 21 ya Kili Marathon?

Njiro_Alfajiri
Wadau, habari za jioni. Nilianza kukimbia Juni, ile baridi ya Arusha ikiuma masikio. Nilikuwa nakimbia nguzo mbili za umeme, natembea moja. Sasa Septemba inaisha, natoka mara tatu kwa wiki na nafikisha kilomita 4, nikitembea kidogo mara mbili njiani. Shida ni kwamba nakimbia tu bila kujua naelekea wapi, na wiki iliyopita nimekosa siku mbili.

Nawaza malengo matatu. La kwanza, 5 bila kutembea kabla ya Krismasi. La pili, 10 kufikia mwisho wa Januari. La tatu, nijiandikishe 21 ya Kilimanjaro Marathon, Moshi, mwishoni mwa Februari, maana wenzangu wa ofisini wote wanaenda hiyo. Nina miaka 37, na tangu niache shule sijacheza mchezo wowote. Mngekuwa ninyi mngeshika lipi?

Rau_Msituni
Dada, 21. Lipia kabisa, uone kama hutaamka! Mimi bila tarehe siamki. Miezi mitano inatosha kama hukosi siku.

Mama_Pasua
Naomba nipingane na kaka hapo juu, kwa sababu yamenikuta. Nilikuwa nakimbia 5 vizuri tu, nikajiandikisha 21 ikiwa imebaki miezi miwili. Kila Jumapili naongeza kilomita 3. Wiki ya nne ugoko wa kushoto ukaanza kuuma. Nikibonyeza kwa ndani, juu kidogo ya kifundo, palikuwa na sehemu ndogo ya ukubwa wa kidole gumba, nikiigusa tu machozi yananitoka. Nikasema ni uchovu, nikaendelea. Nilikaa wiki saba bila kukimbia, na siku ya mbio nilisimama kando ya barabara kuwashangilia wengine.

Mwaka uliofuata nilijiandaa taratibu nikamaliza. Lakini dada, hiyo 21 si ya tambarare. Unatoka mjini unapanda kuelekea Mweka, kilomita kwa kilomita, halafu unageuza. Watu wanaogopa kupanda, mimi kilichonichosha ni kushuka. Mapaja yaliwaka siku nne, ngazi za nyumbani nilikuwa nashuka kinyumenyume. Na Februari Moshi jua halisubiri mtu.

Mzee_Ngaramtoni
Binti yangu, Mama Pasua amesema kweli. Nina miaka 58, nakimbia tangu ujana, na wageni wengi nimewaona wakiumia kwa namna hiyohiyo. Pumzi inakua haraka. Wiki chache tu kile kichomi cha ubavuni kinapungua, moyo unatulia, unajiona umeiva. Mifupa na kano zinachukua miezi. Kwa hiyo pumzi inakuruhusu kwenda mahali ambapo miguu bado haijawa tayari.

Kwa sasa ningechagua 5, ila usihesabu kilomita, hesabu dakika. Kimbia dakika 30 kwa mwendo ambao unaweza kumsimulia mtu habari nzima bila kukatika. Ukishindwa kuongea, punguza. Kutembea kwenye mlima si kushindwa. Na usijilinganishe na muda wa ndugu zako wa Dar: wao wako usawa wa bahari, Arusha tuko takriban mita 1,400 na hewa ni nyepesi.

Simbu wetu, mkimbiaji wa marathon, alichukua shaba ya dunia London mwaka 2017. Dhahabu ya dunia ameipata Tokyo Septemba 2025, kwa saa 2:09:48, muda uleule na Mjerumani Amanal Petros, ikabidi waangaliwe kwa picha. Miaka 8 katikati, na yule ni mtu ambaye kukimbia ndiyo kazi yake. Wewe unaharakia nini?

Sakina_Polepole
Shikamoo mzee. Mimi 10 ndiyo iliyonifanya nijione mkimbiaji, lakini niliifikia baada ya miezi minane. Dada, kumbuka Kili kuna na 5. Unaweza kwenda Moshi na wenzako bila kujitwisha 21. Ila usiende kutafuta muda pale, watu ni wengi mno, mwanzoni unatembea tu.

Rau_Msituni
Hiyo 5 ya Kili sikuifikiria. Naondoa neno langu kuhusu 21, kama ugoko haujazoea ni hatari. Kuhusu tarehe bado nasimama palepale: awe nayo.

Njiro_Alfajiri
Shikamoo mzee, na asanteni nyote. Nimeamua: dakika 30 bila kutembea kabla ya Krismasi, na tarehe yangu ni 5 ya Moshi Februari. 10 nitaigusa baada ya hapo, masika ikiniruhusu. Wa ofisini nimeshawaambia, mmoja amesema anashuka naye kwenye 5.

Mama Pasua, viatu vyangu ni vya mtumba na kisigino kimelika upande mmoja. Vingine nitafute wapi?

Mama_Pasua
Ukija Moshi pita soko la mitumba la Memorial asubuhi, mzigo unapofunguliwa. Viweke juu ya meza uviangalie kwa nyuma: kikilala upande, kiache hata kama juu ni kipya. Halafu bonyeza soli ya ndani pale kisigino kinapokaa. Ikibonyea na kurudi, bado inafaa. Ikiwa ngumu kama ubao, kile kimeshakimbiwa na mtu mwingine. Chukua kinachoacha nafasi ya kidole mbele, kwenye mteremko utaihitaji.

Njiro_Alfajiri
Nakuja Jumamosi.